Mfalme Aliyeliandikia Ziwa Hati

Katika visa vya mwambao wa Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo, kimoja kinahusu nani mwenye nchi na ziwa. Nkuba, mkuu wa Washila, wavuvi wenyeji wa ziwa hilo, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti, akamchuna ngozi. Mama akaenda kulia kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda waliokuwa wametokea magharibi. Nkuba akakatwa kichwa. Nachituti akamlipa Kazembe kwa kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa.

Kisa hicho cha karne ya 18 kiliingia kitabuni kwa mkono wa mwenye kufaidika nacho. Shadreck Chinyanta Nankula, Mwata Kazembe wa XIV, aliyetawala tangu 1941, aliandika kwa Kibemba historia ya watu wake, akisaidiwa na padre Edouard Labrecque. Alifariki 1950. *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi* kikatoka 1951.

Sisi wa Kiswahili nasi tunaye mwandishi wa aina hiyo, Tippu Tip, aliyepigana na Nsama wa Watabwa mashariki ya ziwa hilihili mwaka 1867, na uzeeni akayaandika maisha yake kwa Kiswahili. Lakini yule alikuwa mfanyabiashara anayeeleza safari zake. Chinyanta alikuwa na mipaka ya kulinda mbele ya serikali ya kikoloni, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Miaka hiyohiyo ya Chinyanta, Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyekifasiri kitabu chake kwa Kiingereza baadaye, alikuwa katika bonde la Luapula, mto unaoingia ziwa hilo. Alikuta kila ukoo una historia yake, na mzee akisimulia ya babu aliyekufa zamani husema “mimi”: nilivuka mto, nilipewa ardhi. Ya ukoo mwingine aliwaachia wenyewe. Ya Walunda tu ndiyo iliyokuwa ya wote, na ndiyo iliyopigwa chapa.

Nusu karne baadaye David Gordon alikiita kitabu chake kuhusu uvuvi wa Mweru kwa jina la zawadi ya Nachituti. Nadhani kuna jambo ambalo hata Chinyanta hakuweza kulifuta: ili kisa chake kisimame, ilibidi akubali kwamba Washila walitangulia. La sivyo Nachituti angempa Kazembe nini?