Kunguru anayemwita kunguru: historia ya mitego, kutoka Unguja hadi njia ya Tunduma

Ukisimama kwenye foleni ya malori Tunduma asubuhi, utawaona. Wanatembea kati ya matairi kifua mbele kama mgambo, wanaokota punje za mahindi, makombo ya wali wa mamalishe, mifupa ya kuku. Ni weusi, ila kifuani kama wamevaa fulana nyeupe, na weupe huo unazunguka mpaka nyuma ya shingo. Huyo ndiye kunguru wetu, Corvus albus. Alikuwepo huku kabla ya mpaka, kabla ya lami na kabla ya TAZARA.

Sasa shuka mpaka Dar. Kunguru wa kule ni mwembamba zaidi, shingo ya kijivu, kelele zake haziishi, na anaweza kukunyang'anya chapati mkononi. Huyo ni Corvus splendens, kunguru wa India. Baadhi ya watu wa pwani ya Kenya humwita kurabu. Wengi wa huku juu tukisikia redioni kwamba kunguru wanauawa, tunadhani ni ndege mmoja. Siyo. Mmoja ni mwenyeji na mwingine aliletwa, na ni huyu wa kuletwa ambaye watu wamemwinda kwa zaidi ya miaka mia moja bila kummaliza.

Hadithi inaanzia Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mji ulikuwa umejaa taka, na Waingereza, waliokuwa ndio kwanza wameifanya Zanzibar nchi ya himaya yao, walitaka dawa ya bei rahisi. Jina linalotajwa kila mara ni la Sir Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza pale. Kunguru wakaletwa kutoka India wale uchafu. Na kwa kweli waliula. Tatizo ni kwamba hawakuishia hapo: walikula pia mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya watu, matunda, nafaka. Kufikia 1917 serikali ileile iliyowapokea ilishawatangaza kuwa waharibifu. Katika miaka isiyofika thelathini, mfagizi aligeuka mhalifu. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Dar nako aliingia, na baadaye akapanda na barabara mpaka Morogoro.

Hapa ndipo uwindaji unapoanza kuwa somo la sayansi. Kumpiga kunguru mmoja kwa manati au bunduki siyo kazi kubwa. Kumpiga wa pili ndiyo kazi. Kila aliyekulia kijijini Songwe akilinda shamba anajua: ukiinama kuokota jiwe, ameshaondoka. Ukitoka na fimbo begani anakaa kwenye mti anakutazama tu, kwa sababu ameshajua kwamba fimbo haifyatuki.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, wakiongozwa na John Marzluff, walilipima jambo hili kwa njia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 2006 walivaa vinyago vya usoni, wakakamata kunguru wachache, wakawavisha pete miguuni na kuwaachia. Baada ya hapo, kila mtu aliyepita chuoni amevaa kinyago kile alizomewa, na miaka ikapita bado anazomewa, tena hata na ndege ambao hawakuwahi kukamatwa. Walijifunza kwa wenzao. Kwa hiyo mwindaji anayeonekana uso anajiharibia kazi ya kesho, na si kwa yule ndege mmoja tu, bali kwa kundi zima.

Ndiyo maana ya maficho. Ulaya, hasa Ujerumani, wawindaji walichimba kibanda nusu chini ya ardhi, wakakifunika kwa majani na udongo, wakabaki wanachungulia kwenye tundu. Nje, juu ya mti mfupi, walimfunga bundi mkubwa aliye hai. Kamba ilitoka kwa bundi mpaka ndani ya kibanda. Ukiivuta, bundi anapepesuka na kutandaza mabawa ili asidondoke. Kunguru wakiliona bawa lile wanakuja kwa hasira, maana bundi ni adui yao wa usiku na mchana ndiyo nafasi ya kulipiza. Mbinu yenyewe ni ya zamani sana: Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba ndege wadogo humzonga bundi mchana na kwamba wategaji hulitumia hilo kuwakamata. Wamarekani wa karne ya 20 walibadilisha bundi hai kwa bundi wa sanamu, wakaongeza filimbi inayoiga mlio wa kunguru.

Angalia lakini kinachofanya mtego huu ufanye kazi. Hauvuti tumbo la kunguru. Unavuta ujirani wake. Mmoja akipiga kelele za hatari, wengine wanakuja kusaidia kumfukuza adui. (Kwetu ungesema mwano umepigwa na kila mtu ametoka na fimbo yake.)

Mtego uliotumika sana pwani yetu unatumia tabia hiyohiyo ya kufuatana, ila kwa upande wa chakula. Ni kizimba kikubwa cha mbao na wavu wa waya, mtu mzima anaingia na kusimama. Juu kuna nafasi nyembamba. Kunguru akikunja mabawa anajitumbukiza bila shida. Akitaka kutoka inabidi aruke, na mabawa yaliyofunguka hayapiti palepale alipoingilia. Ndani unaweka utumbo wa samaki au wa kuku, maji ya kunywa, kivuli, na kitu cha muhimu kuliko vyote: kunguru wawili watatu walio hai.

Watu husema kunguru hafugiki. Mtego huu unataka afugwe, tena vizuri. Kunguru wa chambo akiwa na njaa au akiumwa hajipendezi, anajikunyata, na wenzake wanaliona. Akishiba, anatembea, anadonoa, anagombana na mwenzake juu ya kipande cha utumbo. Kwa anayepita juu, huo ni ushahidi kwamba hapa pana chakula na hapana hatari. Kizimba kitupu chenye nyama nzuri kinaweza kukaa siku nzima bila mgeni.

Na kuna sharti jingine. Usimuue kunguru mbele ya wenzake. Kaeli Swift na Marzluff walionyesha, katika utafiti uliochapishwa 2015, kwamba kunguru wakimwona mtu ameshika mwenzao aliyekufa wanakusanyika na kupiga kelele, halafu wanaanza kuogopa kurudi kula mahali pale. Mkulima wa Mbozi anayetundika kunguru mfu kwenye mti shambani hahitaji kusoma makala hayo, kwa sababu anatumia kanuni ileile akitaka matokeo ya kinyume. Aliye hai anawaita, aliyekufa anawafukuza. Mtegaji akichanganya viwili hivyo, kizimba chake kinageuka tangazo la kuonya.

Sumu iliyotumika Zanzibar na baadaye Dar nayo ilichaguliwa kwa sababu ya akili hiyo. Inaitwa Starlicide, na ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya ndege wengine kabisa, kwezi wa Ulaya. Haiui papo hapo. Kunguru anakula nyama, anaruka, anaenda zake kulala, anakufa saa nyingi baadaye mbali na pale alipolia. Wenzake hawana namna ya kuunganisha nyama ya asubuhi na maiti ya usiku. Sikufichi, hili linanitia ubaridi kidogo: tumelazimika kutafuta sumu inayoficha ushahidi, kama vile tunamkwepa mpelelezi. Na kosa la mwanzo halikuwa la ndege. Yeye aliletwa.

Je, vyote hivyo vilifanikiwa? Kwa muda, ndiyo. Unguja, miaka ya 1990, mitego na sumu vilipunguza kunguru kwa kiasi kikubwa. Kisha kazi ikasimama, na wakarudi. Hesabu yake si ngumu: ukiua wengi ukabakiza wachache wenye chakula tele na nafasi tele za kujenga viota, umewaondolea ushindani waliobaki. Tena waliobaki ndio wale walioogopa mtego. Kenya nayo, baada ya majaribio ya miaka mingi, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mwaka 2024 lilitangaza lengo la kuondoa kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka ule. Milioni moja, kutokana na ndege ambao mwaka 1947 ndio kwanza walikuwa wanaonekana Mombasa.

Sehemu walikofanikiwa kabisa zinafanana kwa jambo moja. Ushelisheli kunguru hawa walifika kwa meli miaka ya 1970, wakafuatiliwa wakiwa bado wachache mpaka wakaisha katika miaka ya 1990. Kisiwani Sokotra walifika miaka ya 1990. Watu wakawasaka, wakatoa makinda kwenye viota, na kufikia 2009 hawakuwepo tena. Hakuna aliyehitaji kuua milioni. Waliwahi tu.

Turudi Tunduma. Mji unakua haraka kuliko uwezo wake wa kuzoa taka. Malori yanatoka bandari ya Dar kila siku, na reli ya TAZARA, inayofanya kazi tangu miaka ya 1970, inatuunganisha na jiji lile moja kwa moja. Kunguru wa India husafiri na binadamu. Alivuka bahari juu ya meli, sembuse juu ya behewa. Akifika atakuta jalala, machinjio na mamalishe vyote vimeandaliwa. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, na kutoka hapo ni Zambia yote.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari za vizimba, Songwe tunahitaji macho. Tofauti ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tatu: kifua cheupe, mwache, ni wa hapa. Yule mweusi mwenye shungi kubwa la mdomo na baka jeupe nyuma ya shingo tu, anayekaa kwenye milima na majabali, naye ni wa hapa. Lakini ukiona mwembamba, shingo na kifua vya rangi ya kijivu, hana weupe popote, piga picha, andika siku na mahali, peleka kwa ofisa wa wanyamapori wa wilaya. Usimrushie jiwe. Ukimkosa utakuwa umempa somo la kwanza.

Mimi nikirudi likizo huanzia kituo cha treni, kisha jalala la nyuma ya soko, kisha foleni ya malori. Mara ya mwisho nilihesabu vifua arobaini na moja. Vyote vilikuwa vyeupe.