Mvinyo Ulioishinda Bordeaux Waingia Nyumba ya Antinori

Mwaka 1385, Giovanni di Piero Antinori alijiunga na chama cha wafanyabiashara wa mvinyo cha mji wa Florence, Italia. Tangu hapo vizazi 26 vya ukoo wake vimepokezana kazi hiyo. Mwaka 2023 ukoo huohuo ulikamilisha ununuzi wa Stag's Leap Wine Cellars, shamba la bonde la Napa, California, lililoanzishwa mwaka 1970 tu.

Ni rahisi kuuchukulia ununuzi huu kuwa habari ya tajiri wa siku nyingi anayejiongezea jina kubwa. Nikiifuata historia ya pande zote mbili, naona jambo zito zaidi. Mvinyo mwekundu wa Stag's Leap na mvinyo uliowarudishia akina Antinori heshima yao ni wa rika moja, na yote miwili ilizaliwa na watu waliokataa kuambiwa kwamba mambo ya mvinyo yalikwisha kuamuliwa zamani.

Tuanze na Warren Winiarski, mwasisi wa shamba. Alizaliwa Chicago mwaka 1928, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Akiwa kijana alikaa Italia akisoma maandishi ya Machiavelli, na huko ndiko alikoona mvinyo ukiwekwa mezani kila siku pamoja na mkate. Mwaka 1964 aliacha ualimu, akahamia Napa na mkewe Barbara na watoto wao, akaanza kama kibarua katika kiwanda kidogo cha Lee Stewart. Baadaye akafanya kazi kwa Robert Mondavi.

Kilichomfikisha eneo la Stags Leap ni glasi moja. Mkulima mmoja wa eneo hilo, Nathan Fay, alikuwa amepanda Cabernet Sauvignon mwaka 1961, wakati wakulima wengi wakiamini kwamba hapo pana baridi mno kwa zabibu hiyo. Mwaka 1969 Winiarski alionja mvinyo ambao Fay alijitengenezea nyumbani. Mwaka uliofuata akanunua shamba la miplamu lililopakana na la Fay, akaing'oa miti na kupanda mizabibu.

Fay hakuwa amebahatisha. Upande wa mashariki wa mashamba hayo kuna majabali yaliyotokana na volkano, yanayofyonza joto la jua la mchana na kulirudisha kwenye mizabibu. Alasiri upepo wa baridi hupanda kutoka ghuba ya San Pablo na kuituliza. Zabibu huiva vizuri bila kupoteza uchachu wake, na ule ukakasi unaokausha ulimi, ambao Cabernet changa huwa nao kwa wingi, hapa hulainika mapema.

Tarehe 24 Mei 1976, Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo Paris, aliwaalika majaji tisa wa Kifaransa kuonja mvinyo ya Ufaransa na ya California bila kuoneshwa lebo. Hawa hawakuwa waonjaji wa mtaani. Alikuwapo Aubert de Villaine wa Domaine de la Romanée-Conti, na Odette Kahn, mhariri wa jarida mashuhuri la mvinyo la Ufaransa. Kwa upande wa mvinyo mwekundu kulikuwa na chupa nne za Bordeaux na sita za California. Alama zilipojumlishwa, Stag's Leap ya mwaka 1973 ilikuwa ya kwanza kwa jumla ya alama 127.5. Château Mouton Rothschild ya mwaka 1970 ilifuata kwa 126.

Tofauti ni nywele, lakini tazama waliopambana. Mouton ilikuwa imepigania kwa miongo mingi kupandishwa daraja la kwanza la Bordeaux, na ilikubaliwa mwaka 1973, mwaka uleule zabibu za Winiarski zilipovunwa. Mizabibu yake ilikuwa na miaka mitatu. Mwandishi pekee wa habari aliyekuwapo, George Taber wa jarida la Time, aliitangazia dunia matokeo. Kahn alitaka arudishiwe karatasi yake ya alama.

Na akina Antinori? Wakati huo Piero Antinori, aliyeshika uongozi wa kampuni ya ukoo mwaka 1966, alikuwa na mapambano yake nyumbani. Sheria ya Chianti, mvinyo wa jadi wa jimbo lao la Toscana, ililazimisha zabibu nyeupe zichanganywe katika mvinyo mwekundu, na jina la Chianti lilikuwa limeshuka thamani. Akisaidiwa na mtaalamu wake Giacomo Tachis, alianza kuzeesha mvinyo wa zabibu nyekundu ya Sangiovese katika mapipa madogo ya mwaloni. Mvinyo wa mavuno ya 1971 ulibeba jina la shamba lenyewe, Tignanello. Baadaye zabibu nyeupe ziliachwa kabisa na Cabernet ikaingia. Kisheria uliuzwa kama mvinyo wa kawaida wa mezani. Wanywaji hawakudanganyika, na Toscana nzima ikafuata njia hiyo.

Mwaka 1986 Winiarski alinunua pia shamba la Fay. Mwaka 2007, akikaribia miaka 80, aliuza kampuni kwa dola milioni 185 kwa Ste. Michelle ya jimbo la Washington, iliyochukua asilimia 85, na Antinori, waliochukua 15. Kwa miaka 16 Waitalia walikuwa wabia wadogo, muda wa kutosha kulijua shamba kabla ya kulimiliki lote. Winiarski aliishi kuona hatua ya mwisho. Alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 95.

Leo Albiera Antinori, binti mkubwa wa Piero, ndiye rais wa kampuni ya familia, na wadogo zake Allegra na Alessia wako naye. Wamerithi mvinyo mitatu mikuu: S.L.V., unaotoka shamba la kwanza la Winiarski, Fay na Cask 23. Ninachowaombea wapenzi wa mvinyo huu ni kwamba S.L.V. isifanywe Tignanello ya California. Ulaini ule uliwavutia majaji wa Paris hata wasipojua wanakunywa nini, na unatokana na majabali na upepo wa pale. Uamuzi wa lini zabibu zivunwe na zikae muda gani katika mwaloni sasa ni wa Antinori peke yao.