Majivu ya Mwaka Uliokwisha

Sisi tuliozaliwa Unguja tuna mianzo mitatu ya mwaka. Upo wa Januari, ambao ni wa serikali, wa mishahara na wa madaftari ya shule. Upo wa Muharram, ambao ni wa dini yetu. Na upo wa tatu, ule ambao wazee waliuita Nairuzi au Siku ya Mwaka, na ndugu zetu wa Makunduchi, kwa Kikae chao, wanauita Mwaka Kogwa, yaani kuuoga mwaka. Huu wa tatu ndio ninaotaka kuuzungumza, kwa sababu ndio ulionifunza jambo nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, mwalimu mkuu, niliyedhani nimeshamaliza kusoma.

Jina Nairuzi limetoka kwa Waajemi, na maana yake ni siku mpya. Kwao huko siku hiyo huangukia mwezi wa Machi. Kwetu ilichukua njia yake yenyewe, na sababu ni hesabu tu. Mwaka wa Kiislamu ni wa mwezi, una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku 11. Mkulima akiufuata atapanda mtama wakati wa kiangazi. Wazee wakashika pia mwaka wa jua: miongo 36, kila mwongo siku kumi, kisha siku tano za kukamilishia, jumla 365. Kwa miongo hiyo mkulima alijua siku ya kufyeka na nahodha alijua lini kusi itatia nguvu. Lakini hawakuongeza ile siku moja ya kila mwaka wa nne, na ndiyo maana Siku ya Mwaka husogea polepole katika kalenda ya Kizungu, kiasi cha mwezi mmoja katika miaka 120. Siku hizi huwa mwezi wa Julai; babu zao waliifanya Agosti. Wanafunzi wangu walikuwa wakiipenda sana hesabu hii, kuliko zote nilizowapa za mapipa na mabomba.

Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu hapa Unguja, aliieleza siku hii katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Watu waliamka usiku wakaenda kuoga baharini. Mioto yote ya jikoni ilizimwa, majivu yakazolewa, na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti viwili. Ameandika pia kwamba zamani mtu akiuawa siku hiyo serikali haikuuliza. Neno hili lilikuwa likinitisha kila nilipolisoma. Sasa naona kwamba chuki ya mwaka mzima ilikuwa ikifunguliwa mlango siku moja, na watu wa baadaye wakaona afadhali itoke kwa njia isiyoua. Kule Mombasa palikuwa na ng'ombe wa kuzungushwa mji kabla ya kuchinjwa. Makunduchi wakashika vigogo vya migomba.

Marehemu baba alikuwa akisomesha chuo cha Kurani, na kwake mambo ya Makunduchi yalikuwa ushirikina mtupu. Nilikua na fikira hiyo hiyo, na mpaka leo kile kibanda cha makuti kinachochomwa, na moshi wake unaotazamwa unaelekea wapi, nawaachia wenyewe. Lakini baba huyo huyo ndiye aliyetufundisha kwamba dhambi kati yako na Mungu unaitubia kwa Mungu, ama haki ya mja mwenzio hutasamehewa mpaka umwendee mwenyewe. Mimi nililihifadhi somo hili vizuri sana nikalisomesha wengine, wala sikulitumia.

Mwaka 1982, katika shule niliyokuwa nikiiongoza, fedha za bustani hazikutimia. Nikaandika barua kwa wakubwa nikamtaja mwalimu mwenzangu aliyekuwa mshika fedha. Akazuiliwa mshahara miezi mitatu, naye ana watoto watano. Kisha nikagundua kosa katika daftari, tarakimu mbili zimepishana, na mwandiko ni wangu. Niliandika barua ya pili kumsafisha, akarudishiwa haki yake. Lakini kumwendea sikumwendea. Nilijiambia barua yatosha. Miaka miwili tukasalimiana mbele ya wanafunzi tu. Januari ikaja mara mbili na Muharram mara mbili, na kila mara nilikaa juu ya msala nikiomba utulivu wa moyo, nikiinuka na moyo ule ule.

Julai 1984 akabisha hodi ofisini. Akasema, "Maalim, mwaka huu sina mgeni." Kwao, nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka haina kheri. Sikupata la kujibu isipokuwa kwamba nitakuja.

Alfajiri tulioga pwani pamoja na watu wa mtaa wake. Baadaye tukaenda uwanjani, wa kusini upande huu na wa kaskazini upande ule, wanawake wamevaa kanga zao nzuri wanaimba kwa maneno makali. Mwenzangu akanipa kigogo, naye akashika chake. Kigogo cha mgomba kimejaa maji, hupasuka upesi, hakivunji mfupa. Lakini kinauma, msomaji usidanganywe. Alinipiga begani, kisha mgongoni. Mimi nimesimama tu, nikijiona mwungwana. Akaniambia, "Piga, Maalim, usinidharau." Nikapiga. Tulipigana mpaka vyote viwili vikawa nyuzi, na mimi pumzi zimeniisha, nikajisikia nasema, "Zile fedha nilikosea mimi."

Akasema, "Najua. Nilikuwa nangoja useme."

Moshi wa kibanda siku ile ulielekea wapi sikutazama. Nakumbuka wali wa nazi, na mkewe akiniita shemeji, na usingizi nilioupata mchana juu ya mkeka wao, usingizi ambao nilikuwa sijaupata kwa miaka miwili.

Nilikuwa mgeni wake kila Mwaka tangu hapo, isipokuwa mwaka mmoja nilipolazwa kwa homa. Alipofariki nilidhani safari zile zimekwisha. Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya Mwaka Kogwa, alikuja kijana wake mkubwa, naye ni mwalimu sasa. Alikataa kuketi, alikataa chai. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Baba mkubwa, mwaka huu nyumbani hatuna mgeni."

Nikaingia ndani kutafuta viatu.