Milango ya Ethaneti katika ruta ya moduli na namna ya kuisanidi

OFISI inapolalamika kwamba intaneti inajikokota ilhali ada ya mwezi imelipwa, lawama huelekezwa kwanza kwa kampuni inayouza huduma hiyo. Wengine hufika hatua ya kununua kasi kubwa zaidi, na hali ikabaki vile vile. Si ajabu kosa likapatikana ndani ya kabati la mitambo, kwenye mlango mmoja wa ruta uliosanidiwa nusunusu.

Ruta ni mtambo unaounganisha mitandao miwili au zaidi na kuamua kila furushi la data lipitie wapi. Zile ndogo za nyumbani huuzwa na milango isiyoweza kuongezwa. Ruta ya moduli, kama zile za Cisco za safu ya 2600, 3600 na baadaye 2800, ina nafasi tupu ambamo mwenyewe huchomeka kadi kulingana na mahitaji yake: leo kadi ya Ethaneti, mwakani kadi ya laini ya simu. Katika ruta nyingi ndogo za aina hii, sharti umeme uzimwe kabla ya kadi kuingizwa.

Ethaneti yenyewe ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, kwa juhudi za Robert Metcalfe na David Boggs. Kasi iliyozoeleka ya megabiti 10 kwa sekunde ilipanda hadi 100 mwaka 1995, kisha 1,000 kabla ya muongo huo kwisha.

Kwa kuwa kadi huja na kuondoka, kila mlango hutambuliwa kwa nambari. Ya kwanza hutaja nafasi, ya pili hutaja mlango. FastEthernet 1/0, kwa hivyo, ni mlango wa kwanza wa kadi iliyo katika nafasi ya 1, kwani hesabu huanzia sufuri. Katika modeli ya 3640 nafasi huhesabiwa kutoka kulia kwenda kushoto na kutoka chini kwenda juu, utaratibu unaowakanganya wengi, ingawa aliyepitia chuoni akasoma hati ya Kiarabu huenda asione ajabu. Baadhi ya milango katika safu ya 2800 ina nambari tatu. Badala ya kubahatisha, fundi aandike amri “show ip interface brief” na mtambo wenyewe utamworodheshea milango ulio nayo.

Kazi ya kusanidi ni fupi. Fundi huunganisha kompyuta yake na ruta kwa kebo ya konsoli, huingia kwa “enable” na “configure terminal”, kisha hutaja mlango anaoutaka: “interface FastEthernet 1/0”. Huupa anwani, tuseme “ip address 192.168.10.1 255.255.255.0”, ambayo huacha anwani 253 kwa kompyuta na vifaa vingine vya ofisi. Mlango wa pili lazima upewe mtandao tofauti. Ruta hukataa milango miwili ikidai eneo moja. Hatimaye huandika “no shutdown”. Amri hii husahauliwa sana na wanafunzi, kwani milango ya ruta hizi hutoka kiwandani ikiwa imefungwa, na anwani sahihi haiufungui.

Sasa taa ya kijani imewaka, na hapa ndipo penye mtego. Ncha mbili za kebo hazina budi kukubaliana kuhusu kasi na pia kuhusu zamu ya kusema. Katika dupleksi kamili pande zote husema na kusikia kwa wakati mmoja, kama katika simu. Katika nusu dupleksi husema mmoja mmoja, kama askari wenye redio za mawasiliano. Vifaa vikiachwa vijadiliane vyenyewe, huelewana. Balaa huzuka fundi anapoufunga upande wa ruta kwenye dupleksi kamili na kuiacha swichi ijiamulie. Swichi huweza kuitambua kasi kwa kupima mawimbi ya umeme, lakini dupleksi haiitambui, na kanuni huilazimisha kuchagua nusu.

Matokeo ni kiungo kinachoonekana kizima. Majaribio madogo ya kupimia mtandao hupita bila tatizo. Lakini asubuhi wafanyakazi wote wanapofungua barua zao, mafurushi hugongana, data hutumwa tena na tena, na kasi huporomoka. Ushahidi umo katika amri ya “show interfaces”: upande wa nusu dupleksi huhesabu migongano iliyochelewa, nao upande wa dupleksi kamili huhesabu mafurushi yaliyoharibika. Hesabu hizo zikizidi kupanda, dawa ni kuziacha ncha zote mbili zijadiliane, au kuzifunga zote mbili kwenye thamani ile ile. Kwa gigabiti kwenye waya wa shaba, majadiliano ni ya lazima.

Usanidi huo wote bado umo katika kumbukumbu ya muda. Stima ikikatika kabla ya fundi kuandika “copy running-config startup-config”, ruta itaamka na mpangilio wake wa zamani, na mlango uliokuwa wazi utakuwa umefungwa tena.