Swali la Msingi na Daraja la Mto Kilombero: Wabunge wa Bonde Mbele ya Mawaziri, 2005–2018

Daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa meta 384, lilizinduliwa Mei 2018 na Rais John Pombe Magufuli, nalo linaitwa kwa jina lake. Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi katika vipindi viwili, 2000 hadi 2005 na 2010 hadi 2015. Kwa hiyo, katika miaka hiyo mbunge aliyetaka kujua ni lini wananchi wa Ifakara na Mahenge wangeacha kuvuka kwa pantoni alipaswa kulielekeza swali lake kwa wizara aliyoiongoza. Aliyekuwa akiulizwa ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye daraja. Majina ya waliouliza yamebaki katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansadi. Insha hii inadai kwamba historia ya daraja hilo haiwezi kuandikwa kikamilifu pasipo kuyarejea maswali hayo, hata kama hakuna swali moja linaloweza kusemwa kuwa ndilo lililoleta saruji na nondo.

Msingi wa kisheria uko wazi. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inalipa Bunge wajibu wa kuisimamia na kuishauri Serikali, na miongoni mwa njia inazozitaja ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Katika utaratibu wa Kanuni za Kudumu, swali la msingi hutolewa kwa maandishi kabla ya kikao, hupewa namba, na hujibiwa ukumbini, mara nyingi na Naibu Waziri kwa niaba ya Waziri. Muulizaji hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza, kwa kawaida mawili. Hapo ndipo uzito ulipo. Jibu la msingi limeandaliwa na maofisa wa wizara. Jibu la nyongeza hutoka kinywani mwa Waziri mwenyewe, naye akishataja mwaka au kiasi cha fedha mbele ya Spika, kauli hiyo haifutiki tena.

Njia hii ina umri mrefu kuliko mfumo wa vyama vingi. Katika enzi ya chama kimoja, kuupinga muswada wa Serikali kulikuwa na gharama: mwaka 1973 wabunge walipoukataa muswada wa kodi ya mapato, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha uwezo wake wa kulivunja Bunge, nao wakaupitisha. Swali halikuwa na hatari ya namna hiyo. Mbunge wa shamba aliweza kuuliza habari za barabara, zahanati au bei ya zao bila kuonekana kwamba anaipinga sera. Upole huo wa swali ndio uliolifanya lidumu, na ndio pia unaowafanya baadhi ya wachambuzi kulibeza kuwa ni maigizo ya asubuhi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa kuwa inalipima swali moja moja, ilhali nguvu ya swali la mbunge wa vijijini imo katika kurudiwa.

Kwa nini daraja? Bonde la Kilombero halikuwahi kusahauliwa na mipango ya taifa. Reli ya TAZARA inapita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Umeme wa Kidatu na Kihansi huzalishwa kandokando ya bonde hilo. Miwa na mpunga wake hulisha miji ya mbali. Lakini mto wenyewe uliikata njia ya Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge na Malinyi. Mgonjwa wa Ulanga aliyepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, alikisubiri kivuko. Gunia la mpunga lilikisubiri pia, na masika mto ulipofurika kusubiri kuliongezeka. Mkazi wa Mlabani, mjini Ifakara, angeweza kuifikia treni kwa urahisi kuliko kumfikia nduguye aliyekuwa ng'ambo ya Kivukoni.

Suala la nani alikuwa na nafasi ya kuuliza halijapewa uzito linaostahili. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa 2010, ng'ambo ya kusini ya mto ilikuwa na majimbo mawili, Ulanga Mashariki na Ulanga Magharibi. Wabunge wake, Celina Kombani na Dkt. Haji Mponda, wote waliteuliwa kuwa mawaziri. Kwa wapiga kura huo ulionekana kuwa ni utajiri. Hata hivyo, kwa misingi ya uwajibikaji wa pamoja, Waziri hasimami ukumbini kumhoji Waziri mwenzake. Anachokitaka hukisema katika Baraza la Mawaziri, ambako hakuna Hansadi. Hivyo hadi Dkt. Mponda alipoondoka barazani mwaka 2012, upande ulioathirika zaidi na kukosekana kwa daraja ulikuwa kimya katika kumbukumbu za kipindi cha maswali. Mzigo wa kuuliza uliangukia ukingo wa kaskazini, kwa Abdul Mteketa, mbunge wa Kilombero aliyempokea kiti Castor Ligalama, na kwa mpinzani wake wa 2010, Regia Mtema wa CHADEMA, aliyeingia bungeni kwa Viti Maalum. Mtema alifariki katika ajali ya gari mnamo Januari 2012 akazikwa Ifakara. Mtafiti anayehesabu maswali kwa jimbo pekee atampoteza mtu kama huyu, maana mbunge wa Viti Maalum hatambulishwi kwa jina la jimbo.

Majibu ya Serikali kuhusu miradi ya aina hii yana msamiati wake, nao unafaa kusomwa kama ngazi. Kwanza Serikali "inatambua umuhimu". Kisha huja upembuzi yakinifu, halafu usanifu wa kina, halafu kumtafuta mkandarasi, na mwishowe asilimia ya kazi iliyofanyika. Katikati ya vidato hivyo huchomekwa sharti maarufu la fedha kupatikana. Kazi ya mbunge ni kuhakikisha kwamba jibu la mwaka huu haliko chini ya kidato cha mwaka jana. Waziri hubadilika, Naibu hubadilika, lakini kidato kilichokwisha kutamkwa humfunga mrithi wake. Ujenzi wa Daraja la Kilombero ulianza katika awamu ya nne na kukamilika katika awamu ya tano.

Mwishoni mwa Januari 2016, daraja likiwa bado linajengwa, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kwa upepo na mvua kubwa kikiwa na abiria na magari. Mwezi huohuo Serikali ilitangaza bungeni kupunguzwa kwa matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kupitia televisheni ya taifa. Matukio haya mawili hayana uhusiano wa sababu na matokeo, lakini kwa historia ya bonde yanasomeka pamoja.

Kiti chenyewe nacho kilipata kuwa tupu. Peter Lijualikali wa CHADEMA, mbunge wa Kilombero tangu 2015, alihukumiwa kifungo cha miezi sita Januari 2017 kwa vurugu zilizohusishwa na uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri, hadi Mahakama Kuu ilipomwachia huru mwishoni mwa Machi mwaka huo. Mkutano wa Bunge wa Januari na Februari 2017 ulipita bila mbunge wa Kilombero.  Wabunge jirani, kama Susan Kiwanga wa Mlimba, jimbo lililomegwa kutoka Kilombero mwaka 2015, walikuwa na barabara zao za kuulizia.

Daraja lilipokamilika, maswali hayakukoma, yalihama. Yalihamia kwenye kilometa 66.9 za Kidatu hadi Ifakara, kwenye mipaka ya pori na malisho, na kwenye mafuriko ya Mto Lumemo yanayoingia mjini Ifakara. Juni 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya barabara saba, mojawapo ikiwa ile ya Kidatu, Ifakara, Lupiro, Malinyi, Londo hadi Lumecha, ambayo inavuka mto juu ya daraja hilohilo. Kwa wabunge wa Kilombero, Ulanga na Malinyi ngazi ilianza upya, na swali la msingi likawa ni lini mkandarasi ataanza kazi.