Mwanafunzi Aliyepelekwa Pholela

Mwaka 1957 H. Jack Geiger, mwanafunzi wa udaktari aliyekaribia kuhitimu mjini Cleveland, Marekani, alipata ufadhili wa Wakfu wa Rockefeller kwenda Afrika Kusini kujifunza kazi. Alikaa miezi michache tu. Leo Marekani ina vituo vya afya vya jamii karibu 1,400, vinavyohudumia watu zaidi ya milioni 30, wengi wao maskini. Ukiifuata historia ya vituo hivyo hadi mwanzo wake, utafika kwenye ufadhili ule wa mwanafunzi mmoja, na kwenye vilima vya Natal, mahali paitwapo Pholela.

Kituo cha Pholela kilifunguliwa mwaka 1940 na Sidney Kark na mkewe Emily, wote madaktari, wakishirikiana na Edward Jali, mganga msaidizi, na mkewe Amelia, muuguzi. Ardhi ya Wazulu wa hapo ilikuwa imechoshwa na mmomonyoko. Wanaume walikwenda kutafuta kazi migodini, na magonjwa waliyoyapata huko yakarudi nao nyumbani. Watoto walidhoofu kwa utapiamlo. Akina Kark hawakukaa zahanati kungoja foleni ya wagonjwa. Walianza na kaya chache, wakapita mlango kwa mlango: nani kazaliwa, nani kafa, kinapikwa nini, maji yanachotwa wapi. Mwaka uliofuata wakaongeza kaya nyingine, na nyingine tena. Kazi hii isingewezekana bila wenyeji waliofunzwa, watu waliojua lugha na adabu ya kuingia uani kwa mtu. Hao ndio waliohimiza bustani za mboga, vyoo vya shimo na lishe bora ya watoto.

Mwaka 1949 Sidney Kark alichapisha makala akieleza jinsi mfumo wa vibarua wanaotenganishwa na wake zao ulivyoeneza kaswende. Ulikuwa ujasiri mkubwa. Mwaka mmoja kabla, chama kilicholeta sera ya ubaguzi wa rangi kilikuwa kimeshika madaraka, na serikali yake haikupenda vituo vya namna hii. Geiger alikikuta kituo kikiwa bado hai, lakini mwaka 1958 akina Kark waliondoka nchini.

Geiger mwenyewe hakuwa mgeni wa habari za ubaguzi. Katika ujana wake aliwahi kuishi Harlem nyumbani kwa mwigizaji Mweusi Canada Lee, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa baharia katika meli ya nahodha Mweusi Hugh Mulzac. Alichokipata Pholela ni namna ya kufanya kazi. Mwaka 1964, alipokwenda Mississippi kuwahudumia wanaharakati wa haki za raia, aliona kwamba maisha aliyoyaona Natal yalikuwapo pia nchini mwake.

Yeye na mwenzake Count Gibson, kupitia Chuo Kikuu cha Tufts, waliomba fedha za serikali zilizotengwa kwa vita dhidi ya umaskini. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Desemba 1965 katika mtaa wa Columbia Point, Boston. Cha pili kilianza mwaka 1967 huko Mound Bayou, Mississippi, mji ulioasisiwa na watu waliokuwa watumwa.

Mound Bayou ndiko mafunzo ya Pholela yalikoonekana waziwazi. Kituo kilichimba visima, kikajenga vyoo na kukarabati nyumba mbovu. Kwa mtoto aliyedhoofu kwa njaa, daktari aliandika kwenye cheti cha dawa: maziwa, nyama, mboga. Familia ilichukua vyakula hivyo dukani, na bili ikalipwa kutoka bajeti ya dawa. Serikali ilipolalamika, Geiger alijibu kwamba, kwa mujibu wa vitabu vyake vya udaktari, tiba ya utapiamlo ni chakula. Sijui hoja ya kitabibu iliyo safi kuliko hiyo. Baadaye John Hatch, aliyeongoza kazi za jamii, alisaidia familia kuanzisha ushirika wa kilimo, wazalishe chakula chao wenyewe. L. C. Dorsey, binti wa vibarua wa mashamba ya pamba, alifanya kazi katika ushirika huo, akaendelea na masomo hadi shahada ya uzamivu, kisha akarudi kukiongoza kituo.

Fikra ya kumlipia mwanafunzi akatumikie waliosahaulika ilipita njia nyingine pia. Mwaka 1940, mwaka uleule kituo cha Pholela kilipofunguliwa, Wamarekani waliunda taasisi ya kupeleka mahitaji katika hospitali ya daktari Albert Schweitzer huko Lambaréné, Gabon. Kuanzia mwaka 1979 ikawapeleka huko wanafunzi wa udaktari, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaanzisha mpango ndani ya Marekani kwenyewe. Humo mwanafunzi hubuni mradi pamoja na shirika la mtaani na kuutumikia kwa saa zisizopungua 200, huku akiendelea na masomo.

Mpango huu ni mzuri, na ningependa uenee. Ila saa hizo huibwa katikati ya mihadhara na mitihani, na jioni mwanafunzi hurudi bwenini. Geiger alipewa muda wa kukaa. Wafadhili wa leo wangeongeza miezi, hata kama ingewabidi kupunguza idadi ya wanafunzi.