Benzi ya zamani Isiolo: Kimo cha gari na uteuzi wa tairi

KWA miongo mingi, dereva aliyetoka Nairobi kwa gari dogo alifahamu kwamba safari yake ya lami ilikomea Isiolo. Mbele ya kizuizi cha barabarani kulikuwa na mawe, vumbi na mikunjo ya changarawe iliyofululiza hadi Moyale, umbali wa kilomita 500 hivi. Mwenye gari la kifahari aliyethubutu kuifuata njia hiyo aliliinua gari lake kwanza.

Hali imebadilika. Ujenzi wa kipande cha kutoka Isiolo hadi Mto Merille, chenye urefu wa kilomita 136, ulianza mwaka wa 2007, na kufikia 2017 lami ilikuwa imefika Moyale. Hata hivyo, desturi ya kuinua magari haikubadilika pamoja na barabara. Wapo wenye magari ya zamani ambao bado huyaandaa kwa mawe ya mwaka wa 1985, kisha huyaendesha kwa kasi ya leo, juu ya lami inayochemka jua la saa nane mchana. Hapo ndipo penye hatari.

Gari linalohusika mara nyingi ni Mercedes-Benz ya sampuli ya W123, iliyoundwa nchini Ujerumani kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi mapema 1986. Takriban magari milioni 2.7 ya sampuli hiyo yalitengenezwa, yakiwemo 200, 230E, 240D na 280E. Nchini Kenya, magari ya kampuni hiyo yaliwapa wakubwa jina la kejeli la Wabenzi, jina ambalo limedumu kuliko wengi wa waliopewa. Leo W123 imo mikononi mwa watu wa aina mbili: wapenzi wa magari ya kale, na wazee ambao hawajaona sababu ya kuachana na gari linalowaka kila asubuhi.

Sifa ya kustahimili barabara mbaya haikutungwa. Benzi ilishinda mbio za Safari Rally miaka mitatu mfululizo: Bill Fritschy na Jack Ellis walitwaa ushindi mwaka wa 1959 na 1960 wakiendesha 219, kisha John Manussis na wenzake wakashinda 1961 kwa 220SE. Mwaka wa 1979, Hannu Mikkola alimaliza wa pili katika 450 SLC, nyuma ya Shekhar Mehta aliyekuwa katika Datsun. Lakini gari la mashindano haliinuliwi tu. Huimarishwa springi, vizuia mshtuko na bodi yenyewe, na mafundi hulikagua kila linaposimama. Anayeiga kimo bila kuiga mengine huwa ameiga sehemu iliyo rahisi.

Kabla ya kufikiria kuliinua gari, ni bora kwanza kujua iwapo bado lina kimo chake cha asili. Springi iliyobeba mzigo kwa miaka 40 aghalabu huwa imelegea, na si ajabu kukuta mzingo wake wa chini umeliwa na kutu na kukatika bila mwenyewe kufahamu. Gari la namna hiyo halihitaji kuinuliwa, bali kurejeshwa lilikokuwa.

Kipimo huchukuliwa gari likiwa mahali palipo sawa, tangi likiwa limejaa, buti ikiwa na tairi la akiba na vifaa vyake tu, na upepo wa tairi ukiwa kamili. Gari hubonyezwa mara kadhaa mbele na nyuma ili springi zitulie. Kisha hupimwa kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, wala si kutoka ardhini, kwa maana kipimo cha ardhini huchanganya kimo cha springi na ukubwa wa tairi. Upande wa kulia ulinganishwe na wa kushoto. Tofauti kubwa huashiria springi iliyochoka au bushi zilizokufa.

Watengenezaji wenyewe waliacha njia ya kurekebisha kimo. Juu ya kila springi ya W123 kuna pete ya mpira, nayo hupatikana kwa unene tofauti, kuanzia takriban milimita 8 hadi 23. Unene hutambulishwa kwa vijinundu vilivyo kwenye mpira: chenye kijinundu kimoja ndicho chembamba, chenye vinne ndicho kinene. Kwa kuwa springi hukaa ndani zaidi ya gurudumu kwenye mkono unaolishika, pete iliyozidi kwa milimita 5 huinua gari kwa zaidi ya milimita hizo tano. Mercedes pia iliuza springi imara kwa nchi zenye barabara mbaya. Springi mpya za aina hiyo pamoja na pete zinazofaa zinamtosha karibu kila mwenye gari aliye Isiolo.

Anayetaka zaidi ya hapo yampasa ajue anachokipoteza. Gurudumu lina nafasi ya kupanda linapokutana na jiwe, na nafasi ya kushuka linapokutana na shimo. Gari linapoinuliwa kwa springi pekee, nafasi ya kupanda huongezeka ila ile ya kushuka hupungua kwa kiasi kile kile. Matokeo yake ni kwamba kila shimo humfanya dereva asikie kishindo, kizuia mshtuko kikivutwa hadi mwisho wake. Hicho huvuja mafuta mapema, na gurudumu lisilogusa ardhi halifungi breki wala halifuati usukani.

Pembe za magurudumu nazo hubadilika. Magurudumu huacha kusimama wima kama yalivyokusudiwa, tairi huliwa upande mmoja na usukani huyumba. Kwa sababu hiyo, kazi yoyote ya kubadilisha kimo haijakamilika kabla ya magurudumu kupimwa upya, kazi ambayo mafundi huiita alaimenti. Tena bushi za mpira zifungwe kwa nguvu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikifungwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira hukaa umejisokota daima na huchanika upesi.

Kuna njia za mkato zinazofaa kukataliwa waziwazi. Moja ni kubana vipande vya mpira kati ya mizingo ya springi. Vipande hivyo huinua gari kwa kuinyima springi sehemu ya kazi yake, na mizingo iliyobaki hubeba adhabu ya yote. Nyingine ni spesa za chuma zilizochongwa kwa kukisia na kuchomelewa, jambo linalohatarisha springi nzima iwapo moto wa kuchomelea utaigusa. Mbaya zaidi ni kuondoa springi ya mbele kwa jeki peke yake. Springi hiyo iliyobanwa huhifadhi nguvu ya mamia ya kilo, na W123 huhitaji kifaa maalumu cha kuibana kinachoingizwa ndani ya springi yenyewe. Fundi asiye nacho aache kazi hiyo. Ikifyatuka, haimpi nafasi ya kujuta.

Magari machache yako nje ya maelezo haya. W123 ya kubebea mizigo, ile yenye mgongo mrefu, ina mfumo wa mafuta wa kusawazisha kimo cha nyuma. Ikilala nyuma, dawa yake huwa kwenye vali, fimbo yake au matufe ya gesi. Mercedes 450 SEL 6.9, iliyoundwa baina ya 1975 na 1980, huinuliwa na dereva kwa kitufe akiwa kitini, na Citroën DS kwa wenzo. Kuziwekea pete za mpira hizo mbili ni kutozielewa.

Tairi ndilo suala zito zaidi, japo wengi hulishughulikia mwisho. W123 zilitoka kiwandani zikiwa na tairi za 175 R14 au 195/70 R14. Katika kipimo cha pili, 195 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 14 ni inchi za rimu. Ubavu basi ni milimita 136.5, na tairi zima lina kipenyo cha milimita 629 hivi.

Vipimo hivyo vya zamani si rahisi kupatikana kila duka, kwa hivyo wengi huchukua 185 R14 yenye herufi C, tairi la matatu na pikapu. Lina kipenyo cha takriban milimita 650. Kwa hesabu hiyo gari hupanda kwa milimita 10 au 11 bila springi kuguswa, na ndiyo njia pekee inayoinua hata sehemu ya chini kabisa ya ekseli. Lakini kipimamwendo nacho hudanganya. Kikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda zaidi ya 103.

Tairi hilo lina faida na hasara. Moja lenye alama ya 102 huruhusiwa kubeba kilo 850, ilhali 195/70 yenye alama ya 91 hubeba kilo 615. Mbavu zake ngumu huhimili mawe ya njia za kuingia Buffalo Springs au Shaba. Hata hivyo, ugumu huo hulifanya gari jepesi kurukaruka, na kwenye lami yenye maji halishiki vyema kama tairi la gari dogo. Kwa mwenye kwenda Nanyuki, Meru na Marsabit kwa lami, 195/70 ndilo jibu sahihi. Kwa mwenye boma kilomita 30 nje ya lami, tairi la C lina hoja. Tairi pana lenye ubavu mfupi juu ya rimu kubwa, linalopendwa mjini, halina hoja yoyote hapa, kwani shimo moja lenye ukingo mkali hutosha kulipinda rimu.

Umri wa tairi usidharauliwe. Tangu 2000, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Benzi za zamani hazitembei sana, hivyo tairi huonekana jipya ilhali mpira wake umekauka. Nyufa ndogo ubavuni ni sababu ya kulitupa hata kama meno yake bado ni marefu.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, na uongezwe kulingana na mzigo. Tairi lililopungukiwa upepo hujikunja zaidi, hupata moto na kupasuka, na joto la Isiolo huharakisha yote hayo. Kosa lililozoeleka ni kuutoa upepo tairi likiwa moto. Upepo huo uliozidi ulitarajiwa. Jambo la kupendeza ni kwamba mteremko wa zaidi ya mita 1,000 kutoka Timau hushusha kipimo kidogo, nalo joto la chini hukipandisha karibu kwa kiasi hicho hicho.

Miiba ya migunga ni adui mwingine. Tyubu iliyotiwa ndani ya tairi lisilotengenezewa tyubu husuguana nalo na kuongeza joto. Inaweza kumfikisha mtu kijijini, isimpeleke Marsabit kwa kasi. Tundu la katikati huzibwa vyema kwa kiraka cha ndani. Tundu la ubavuni halizibiki.

Kasi yenyewe ina mipaka ambayo tairi haliwezi kuiondoa. Ngamia huvuka barabara kaskazini mwa Isiolo usiku na mchana, na akigongwa na gari dogo miguuni, mwili wake huangukia kioo cha mbele. Gari lililoinuliwa mno huchelewa kukwepa, kwa kuwa uzito wake umepanda na huinama linapokatishwa ghafla.

Tairi la akiba liwe la kipimo sawa na mengine manne. Tairi lenye kipenyo tofauti likifungwa nyuma hulazimisha difu kufanya kazi mfululizo, na baada ya Archer's Post ni mbali kabla ya kumpata muuza tairi mwenye kipimo cha inchi 14.